Kila Gofu Lina Wenyewe Wawili
Hotuba kwa wasafiri wa ndani juu ya kuutembelea urithi wa Tanzania

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Ndugu wasafiri, na nyinyi waongoza watalii mliokuja kusikiliza ingawa mengi ya haya mnayajua kuliko sisi, habari za jioni.

Mtanzania akipanga safari, mawazo yake huenda mbugani au ufukweni. Hatumlaumu, ndivyo nchi inavyotangazwa. Lakini kati ya maeneo 7 ya Tanzania yaliyomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, 3 yamo kwa sababu ya kazi ya mikono ya watu: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliyoingia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na michoro ya miambani ya Kondoa mwaka 2006. La nne, Ngorongoro, liliingia 1979 kwa maumbile yake, na mwaka 2010 likaongezewa sifa ya utamaduni kwa ajili ya mabaki ya binadamu wa kale ya Olduvai na nyayo zao za Laetoli. Hapo hatujaitaja Bujora, wala Songea, wala ngoma hata moja.

Tunachotaka kusema leo ni kimoja. Kila mahali pa urithi pana wenyewe wawili. Wa kwanza ni serikali, yenye tiketi, mlinzi na sheria. Wa pili ni wenyeji, wenye makaburi pale, wenye tambiko, wenye uchochoro unaopita mbele ya mlango wao. Wengi humlipa wa kwanza wakadhani wamemaliza, kisha hurudi na picha nane na lawama kwamba hapakuwa na cha kuona. Wapo pia wanaopita njia ya panya na kijana wa kijijini, tiketi hawakati, na fedha ya kuziba ufa wa ukuta haipatikani. Yote mawili ni makosa. Hilo la kwanza ndilo tunaloliona kila siku, kwa hiyo ndilo tutakalolizungumzia zaidi.

Ila tuanze na serikali, tuimalize upesi. Zamani ulikuwa unakwenda ofisi ya Mambo ya Kale, basi. Miaka ya karibuni baadhi ya vituo vimekabidhiwa taasisi za uhifadhi: Kilwa iko chini ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, mapango ya Amboni kule Tanga yako chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Zanzibar ina taratibu na sheria zake. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi ya basi, uliza nani anasimamia unakokwenda, piga simu, omba kumbukumbu namba ya malipo, ulipe kwa simu au benki siku moja kabla. Malipo ya serikali hayapokelewi mkononi, na ukifika getini mtandao umelala utakaa chini ya mti mpaka uamke. Chapisha risiti kwenye karatasi, maana simu huzima. Beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni na mlinzi ana haki ya kutaka uthibitisho. Mtu akikupokelea fedha bila risiti, hujakata tiketi, umemtolea yeye sadaka.

Sasa twende Kilwa, na tukae huko kidogo.

Utafikia Kilwa Masoko, kama kilometa 300 kusini mwa Dar es Salaam. Kisiwani ni ng'ambo, kipande cha maji cha kama kilometa 2, na kwa boti ya mashine ni safari fupi. Songo Mnara iko mbali zaidi kusini, na huko ndiko watu wanakoharibikiwa, kwa sababu hawakuuliza maji. Pwani yetu siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na hupwa katikati ya asubuhi. Msafiri wa mjini huchagua Jumamosi, huondoka saa tatu asubuhi, na kama Jumamosi hiyo imeangukia bamvua, atafika saa ambayo boti haiwezi kusogea. Atashuka mbali, atatembea kwenye tope na mizizi ya mikoko na viatu mkononi. Kujaa kwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Hesabu basi: siku ya 6 au ya 7 baada ya mwezi kuandama au kupevuka, maji hujaa asubuhi, boti inaingia vizuri, na unayo saa kadhaa kabla hayajatoka. Nahodha yeyote wa Kilwa anaijua hesabu hiyo bila karatasi. Muulize kwanza siku, ndipo umuulize bei. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo hupanda kadiri jua linavyopanda, hivyo ondoka mapema. Masika, Machi hadi Mei, si wakati wa safari hii.

Ukiwa Kisiwani, usiishie kwenye Gereza. Wengi hushuka pwani, wakaiona ngome ile kubwa, wakapiga picha wakadhani ndiyo Kilwa. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 walipouvamia mji. Jengo unaloliona sasa kwa sehemu kubwa ni la Waomani, waliolijenga karne nyingi baadaye. Kilwa yenyewe iko nyuma yake.

Nenda Msikiti Mkuu na uingie upande wa kaskazini kwanza. Huo ndio mkongwe, wa karne ya 11 na 12, na dari yake ilikuwa bapa. Kisha vuka kwenda upande wa kusini, ulioongezwa karne ya 14, usimame katikati uangalie juu: matao na kuba, moja baada ya nyingine. Sehemu hii iliwahi kuanguka ikajengwa upya. Hatua chache tu, na umeshaona mji uliokuwa na fedha ya kutosha kubadili namna ya kujenga. Fedha hiyo ilitokana na dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri wa Morocco Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye birika la pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Liko mbali na msikiti, mwendo wa nusu saa hivi kwa mguu, kwa hiyo wenye haraka hawalioni. Sarafu za shaba za Kilwa zimeokotwa hadi kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 chache zikaokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Tenga saa 5 kwa kisiwa hiki, lita 2 za maji kwa kila mtu, na kofia. Kivuli ni kidogo mno.

Halafu angalia mawe yenyewe, usome ukuta. Yapo ya aina mbili. La kwanza ni jiwe la pwani la nchi kavu, gumu, lenye matundu, na ndilo lililojenga kuta nene. La pili ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi. Hapo ni laini, linachongeka, kisha likikauka hukaza. Mihrabu, vizingiti na mapambo yote ni ya jiwe hili la pili. Kinachoyashika pamoja ni chokaa iliyochomwa kwa matumbawe juu ya rundo la magogo. Ukiona kiraka cha kijivu kilichokakamaa, hiyo ni saruji ya marekebisho ya siku za nyuma, na chini yake mara nyingi utaona unga. Ukuta wa chokaa hupumua: maji yakiingia hutoka. Saruji huyafungia ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake, na kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe, jiwe ndilo linalokatika. Mafundi wazuri wa Kilwa na Zanzibar wamerudi kwenye chokaa kwa sababu hiyo. Ndiyo sababu pia hatupandi ukutani kwa ajili ya picha. Jiwe moja la juu likilegea, mvua hupata mlango wa kuingia moyoni mwa ukuta, na masika mawili matatu yanatosha. Mwaka 2004 magofu haya yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, bahari ikila ufukwe na kuta zikidondoka. Yalitolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa, na wanakijiji walikuwa miongoni mwa walioifanya.

Hapo tumemfikia mwenyewe wa pili. Kisiwani si makumbusho, ni kijiji. Kuna watu wanavua, wanalima, wanasomesha watoto. Ukishuka, pita ofisi ya kijiji, saini kitabu cha wageni, chukua mwongozaji wa hapo hapo hata kama umekuja na wako kutoka Dar es Salaam. Wako atakupa karne. Wa hapo atakwambia kisima kipi bado kinachotwa na kaburi lipi bado linazuriwa. Kwenye kaburi linalozuriwa usiingie na viatu wala usikae ukingoni. Na vile vigae vya vyungu na vya sahani za China unavyovikanyaga njiani, viache. Mtafiti anahitaji kujua kigae kilikuwa wapi na kando ya nini. Kikishaingia mfukoni mwako hakina habari tena ya kumpa mtu.

Tuhamie bara, Kondoa. Michoro iko kwenye mapango na vibanda vya mawe zaidi ya 150, katika eneo la kilometa za mraba 2,336, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Kituo chake ni Kolo, kaskazini mwa Kondoa mjini, kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati. Jiandikishe pale, uchukue mwongozaji. Bila yeye hutaipata njia, na hata ukiipata hutaiona michoro. Kupanda ni kwa miguu na kuna sehemu za kushika mawe, kwa hiyo kandambili ziache garini. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndicho kizuri, kwa sababu mvua hukata njia za vijijini.

Anayetoka nje juani moja kwa moja haoni kitu. Kaa chini ya mwamba dakika 5 macho yazoee kivuli. Anza na michoro myekundu: hiyo ndiyo mikongwe, kazi ya wawindaji wa kale, na wataalamu huwahusisha na mababu wa Wasandawe na Wahadza. Watu wembamba warefu wenye nywele zilizotengenezwa, twiga, pofu, tembo, vyote kwa mistari miembamba. Halafu tafuta mchoro mweupe. Huu ni mzito, umepakwa kwa kidole, mara nyingine juu ya wekundu, na ni wa wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Ukishajua hayo mawili, mwamba unaanza kusomeka tabaka kwa tabaka.

Kinachoiua michoro hii ni vitu vidogo vidogo. Maji ni la kwanza. Zamani watalii, na hata baadhi ya waongozaji, walikuwa wakimwagia mwamba maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Inang'aa kweli, kwa dakika chache. Maji yakikauka huacha chumvi nyeupe juu ya rangi, na safari ya pili unamwaga mengi zaidi kupata mng'ao ule ule, hadi mchoro unabaki ukungu. La pili ni vumbi: sakafu ya pango ni kavu, watu 20 wakiburura miguu vumbi hupanda na kuganda ukutani. Ingieni wachache wachache, mnyanyue miguu. La tatu ni vidole vyenye jasho na mafuta. Kama unataka picha nzuri, njoo mapema au alasiri jua likiwa la chini, uongeze mwanga kwenye simu nyumbani, siyo pale.

Na hapa wenyewe wawili wanagongana waziwazi. Miamba kadhaa, Mungomi wa Kolo ukiwa maarufu kuliko mingine, bado inatumika kwa tambiko la mvua na uganga. Wenyeji wana sadaka zao pale, na pombe ya mtama humwagwa. Mhifadhi anaona rangi inaharibika; mzee wa pale anauliza ninyi mlikuwa wapi wakati babu yake alipokuwa akiutunza mwamba huu. Msafiri si hakimu wa kesi hiyo. Ukikuta majivu, kibuyu, kitambaa au mifupa, usiguse, usipige picha kabla hujauliza, na ukiambiwa leo hapapandwi, hapapandwi. Mpangilio wa safari uwe na siku ya akiba kwa ajili ya jibu kama hilo. Ukiweka Kolo kama kituo cha saa mbili kati ya Dodoma na Arusha, umejinyima mwenyewe.

Kanda ya Ziwa kuna Bujora, pale Kisesa, karibu na Mwanza. Ni makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa miaka ya 1950 chini ya Padri David Clement, yenye nyumba ya asili, zana, na ngoma za watemi. Nenda siku yoyote utafaidi. Lakini ukiweza, nenda Juni, wakati wa tamasha la Bulabo, baada ya sikukuu ya Ekaristi. Hapo Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa vizazi, hucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, kila upande ukijaribu kuwavuta watazamaji. Anayekusanya umati mkubwa ndiye mshindi. Maana yake ni kwamba wewe mtazamaji ndiye kura. Mgeni asiyelijua hili hukimbia huku na huko na kamera, akikata mbele ya wachezaji, na huku anavuruga hesabu za watu waliofanya mazoezi mwaka mzima. Chagua upande, kaa nao, cheka nao, washangilie nyoka au nungunungu wanaocheza naye. Ukitaka kuhama, hama wakati umati wenyewe unahama. Na fika mapema, kwa sababu ukija saa nane utaona migongo tu.

Zanzibar mnaijua, au mnadhani mnaijua. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakafa. Somo lake la ufundi ni la nyumba nyingi za Mji Mkongwe: paa likivuja, maji hufuata ncha za boriti zilizozikwa ukutani, boriti huoza mahali pasipoonekana, kisha sakafu inakwenda na ukuta unafuata. Boriti hizo ni mikoko, na urefu wake unaofaa ni wa mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba. Ukiingia nyumba yoyote ya zamani, angalia kona za dari kabla ya kuangalia mapambo.

Milango nayo isomwe. Kizingiti cha juu kilichonyooka ni mtindo wa kale wa Kiarabu na wa Waswahili. Kilichopinda kama upinde kimeathiriwa na India, na vingi vyao ni vya mwisho wa karne ya 19. Ule mti wa kusimama katikati, unaofunika mwanya, ni mfaa. Uangalie, maana fundi alijimwaga hapo. Mara nyingine juu kuna maandishi yenye mwaka wa Hijria. Uzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622: mwaka 1300 unakupa 1883. Utakuwa umekosea mwaka mmoja tu, kama umekosea.

Lakini mlango ni wa nyumba ya mtu. Barazani wamekaa watu. Wasalimie kwanza, waombe, ndipo utoe simu. Mlango ukiwa wazi haina maana umekaribishwa. Piga hodi, ngoja, na usipojibiwa mara ya tatu ondoka. Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana. Mabega na magoti yafunikwe mwaka mzima, na hili tunawaambia wanaotoka bara zaidi kuliko Wazungu, kwa sababu Wazungu wameambiwa hotelini, sisi hudhani tuko nyumbani. Vijijini mwenye mamlaka ni sheha. Mtafute kabla ya kupiga kambi, kurekodi au kuuliza watu maswali marefu.

Julai kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, kule Makunduchi. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa magomba ya migomba, kibanda huchomwa, wanawake huimba wakiwa wamevaa vyao vizuri. Hufuata kalenda ya jua, kwa hiyo hauhami kama Idi, ila siku kamili thibitisha kwa watu wa huko. Kusimama nje ya uwanja kunatosha. Usiingie kupigana kwa ajili ya video. Wenyeji wa siku hiyo hupenda kuwa na mgeni nyumbani kwao, kwa hiyo ukikaribishwa chakula, kubali, na usiende mikono mitupu.

Songea ni jambo jingine kabisa. Makumbusho ya Majimaji yapo pale, na kila Februari mwishoni hufanyika kumbukumbu ya tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani walipowanyonga mashujaa wa Kingoni. Wajukuu na vitukuu vyao wako uwanjani. Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, na madai ya kurudishwa mabaki ya wazee bado yanaendelea. Kwa hiyo ule ni msiba. Nenda kama unavyokwenda msibani: nguo ya heshima, sauti ya chini, na mbele ya kaburi la pamoja usijipige picha unatabasamu.

Nimalizie na namna ya kuuliza, halafu ununuzi.

Ukikaa na mzee, usianze na "kwa nini". Kwa nini humfanya mtu atunge jibu la kukuridhisha. Anza na nani hufanya, lini, kwa vifaa gani, nani haruhusiwi. Sababu zitakuja zenyewe baada ya chai ya pili. Uliza na bibi pia, peke yake, na mwenzako wa kike awepo. Mambo ya nyumba, ya kilimo na ya ngoma za akina mama babu hayajui au hatayasema. Jando na unyago viache. Vina wenyewe hasa, na anayekueleza ya ndani kwa fedha ama anakudanganya ama anavunja kiapo. Zawadi ya kilo mbili za sukari, majani ya chai na sabuni inapokelewa vizuri karibu kila mahali, na kifuta jasho kinatolewa mwishoni, kwa mkono wa kulia, bila kuhesabiwa mbele za watu. Ukitoa noti kabla ya maneno, umenunua maneno. Ukiahidi kutuma picha, ichapishe uitume na dereva wa basi. Mzee hana haja ya kiungo cha intaneti.

Vinyago. Wengi mtapita soko la Mwenge, Dar es Salaam, kutafuta kazi za Wamakonde. Mpingo wa kweli ni mzito hata mkono unashtuka, na ukitia kipande majini huzama. Mti wake wa ndani ni wa zambarau inayokaribia weusi, wa nje ni wa manjano hafifu, na wachongaji wazuri huuacha mpaka huo uonekane. Bandia ni mti laini uliopakwa kiwi: geuza kinyago, kwangua kwa ukucha chini ya kitako, uone kama weupe unatokea, na ufute kwa kitambaa chenye maji uone kama kitambaa kinachafuka. Ukifika nacho nyumbani usikiweke juani wala chini ya kiyoyozi. Mpingo ukikauka haraka hupasuka, na ufa haurudi. Kiache kwenye gazeti na mfuko wiki kadhaa, ukifunua kidogo kidogo.

Vya kale ni hatari zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ya Tanzania Bara, inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na inavitaja pia vifaa vya jadi na milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940. Kuvitoa nchini bila kibali ni kosa, hata kama umevinunua dukani kwa risiti. Muuzaji akikwambia kigoda hiki ni cha mtemi fulani cha miaka mia mbili, moja kati ya mawili: anasema uongo, basi usilipe bei hiyo, au anasema kweli, basi usikinunue.

Asanteni. Tuna muda wa maswali. Wanaotaka kwenda Songo Mnara waanze wao, tuangalie mwezi uko wapi ndipo tuzungumze tarehe.